Vuli, Mbegu na Mwaka wa Kanisa

Wafasiri wa vitabu vya Ulaya, wanapofikia yale majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, aghalabu huandika "vuli", na msomaji wa Unguja au Mombasa, ambaye vuli kwake ni mvua ya baina ya Oktoba na Desemba, hubaki akistaajabu kwa nini watu wa huko wavae makoti badala ya kushika majembe. Kosa hilo kitabuni ni dogo, lakini lina ndugu yake mkubwa kanisani. Huko kaskazini waumini hurejea Septemba kutoka likizo, kwaya zikakusanywa, mafundisho ya watoto yakafunguliwa. Na huku Burundi parokia za Gitega na Muyinga, warithi wa misheni za kwanza za Mapadri Weupe, Muyaga ya mwaka 1898 na Mugera ya 1899, nazo hushika shughuli zao upya baada ya hija ya Agosti 15 pale Mugera, shule zinapokaribia kufunguliwa. Ila Mrundi wa kilimani hakuwa likizoni. Kiangazi, anachokiita ici, kinakwisha. Agatasi, msimu wa kwanza wa kupanda, unabisha hodi. Na nyumba ndiyo kwanza imebaki na akiba haba.

Nje kidogo ya mji wa Gitega nilimkuta mama mmoja ameketi kizingitini, ungo mapajani, akichambua maharagwe. Alikuwa na mafungu matatu: yaliyotobolewa na wadudu, hayo ya chungu, mazima na manene, hayo ya mbegu, na katika kikombe cha bati kilichochubuka mdomo, kiasi cha kiganja kimoja, sadaka ya Jumapili. Nilipotazama vizuri nikaona kwamba kikombe kile kilijazwa kutoka fungu la mbegu.

"Mama," nikamwuliza, "haya yaliyotobolewa kanisani hawayali?"

"Wangeyala, mwanangu," akasema pasipo kuinua macho, "ila hayaoti."

Jibu hilo nimelitia katika mizani mara nyingi, na kila mara limenishinda uzito. Kwani atoaye chakula ametoa kilicho chake, ilhali atoaye mbegu katika mwezi ambao mvua haijanyesha ametoa kitu ambacho bado hakijawa chake, mavuno ya Januari yaliyo mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Na sijui tafsiri ya tawakali iliyo wazi kuliko hiyo.

Warundi wa kale walilifahamu jambo hilo kabla ya msalaba kufika. Mtama haukupandwa mpaka mwami, yaani mfalme, aadhimishe umuganuro, sherehe ya kupanda, na ngoma tukufu Karyenda ikatolewa, nchi nzima ikangoja ruhusa ya kuanza. Wamisionari waliuona ushirikina, serikali ya Wabelgiji ikauona upuuzi, na mwishoni mwa miaka ya 1920 sherehe ile ikakoma. Ngoma zenyewe hazikufa: Gishora, karibu na Gitega, zingali zinapigwa, na tangu 2014 zimo katika orodha ya urithi ya UNESCO. Mbegu ndiyo iliyobaki bila imamu.

Na dahari ina mzaha wake. Kanisa lililoondoa ibada ya jembe likaja kuondolewa ibada zake kwa jina la jembe: katika miaka ya 1980 serikali ya Kanali Jean-Baptiste Bagaza ilikataza ibada za siku za kazi, kwa hoja kwamba zinawatoa raia mashambani, kisha ikazipiga marufuku sahwanya, yale makundi ya sala ya vilimani. Bagaza alipinduliwa Septemba 3, 1987, na vizuizi vikaanza kulegezwa, wakulima wakiwa wanaitazama mbingu kama kila mwaka. Hoja yake ilikuwa ya uongo, kwa maana mkulima hakuhitaji askari wa kumwonyesha saa ya kulima. Lakini uongo wake usitufanye tusahau kwamba saa hiyo ipo.

Muyinga, ambako Waislamu ni wengi kuliko katika sehemu nyingine nyingi za Burundi na Kiswahili husikika sokoni kutwa, jirani huhesabu mwaka wake kwa mwezi mwandamo, na Ramadhani humtangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, hata ikazunguka kiangazi na masika yote. Mvua ikichelewa, naye ana sala yake mahususi ya kuiomba. Kwa hiyo yeye ametenga hesabu ya ibada na hesabu ya shamba, na zinapokutana, zinakutana katika dua. Sisi Wakristo wa hapa tumeazima hesabu ya shamba la wengine, tukaiita ya kanisa.

Basi enyi wazee wa halmashauri za parokia, mketipo kupanga tarehe, ingojeni mvua ya kwanza. Mafundisho ya watoto yaanze maharagwe yakishaingia ardhini, kwaya ifanye mazoezi alasiri majembe yakisharudi nyumbani, na vile vikombe vitakavyoletwa altareni msivipeleke jikoni: vipandeni katika shamba la parokia.