Paka wa Nyumbani na Swali la Kumhasi

Kumhasi paka dume ni kumtoa kende. Kwa jike ni kumtoa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Kazi zote mbili ni za daktari wa mifugo, mnyama akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Ya dume ni ya dakika chache na kwa kawaida haihitaji mshono. Ya jike ni upasuaji wa tumbo, hivyo ni ghali zaidi, na kidonda chake huchukua siku 10 hadi 14 kupona. Swali hili humfikia mfugaji mapema kuliko anavyotarajia, kwani jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 5 au 6, wengine hata 4, ilhali wenye nyumba bado wanamwona mtoto.

Katika nchi za baridi, majike hupumzika miezi ambayo mchana ni mfupi, kwa sababu urefu wa mchana ndio unaoamsha joto lao, yaani hali ya kutaka dume. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na Unguja nyuzi 6. Huko mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo paka hawana msimu wa kupumzika. Mimba huchukua wiki 9, na uzao mmoja huwa na watoto 3 hadi 5. Mama huweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Asiyepandwa naye hurudi kwenye joto kila baada ya wiki 2 au 3, akilia usiku kucha na kuvuta madume wa mtaa mzima.

Kwa paka mwenyewe faida ziko wazi. Dume aliyehasiwa hupunguza kutangatanga, kupigana na kukojolea kuta. Kupungua kwa ugomvi ni afya, maana meno ya mpinzani ndiyo njia kuu ya kuenea kwa virusi vinavyoidhoofisha kinga ya mwili wa paka. Jike huepuka usaha wa mfuko wa uzazi, maradhi yanayoweza kumuua kwa siku chache. Akihasiwa kabla ya kutimiza mwaka, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana, na saratani hiyo kwa paka huwa kali katika visa vingi.

Hasara nazo zipo. Nusukaputi haikosi hatari, hasa kwa mnyama mgonjwa au mzee. Baada ya kuhasiwa, mahitaji ya chakula hupungua huku hamu ikiongezeka, na asiyepimiwa hunenepa. Zaidi ya yote, tendo hili halirudishiki. Hofu kwamba paka ataacha panya haina msingi mkubwa, kwa kuwa silka ya kuwinda haitoki kwenye kende. Sindano za kuzuia mimba huonekana rahisi, lakini zikirudiwa huongeza hatari ya maradhi yaleyale ya matiti na ya mfuko wa uzazi.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika miji ya pwani, kuna pia swali la dini. Imamu Nawawi wa madhehebu ya Shafii, katika karne ya 13, alikataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Wanazuoni wa Kihanafi waliruhusu kuhasi kukiwa na manufaa. Katika zama hizi, Sheikh Muhammad ibn Uthaymin wa Saudi Arabia aliona hapana ubaya paka wanapokuwa wengi na kuleta udhia, mradi upasuaji usiwadhuru. Wanaotofautiana hapa wanakubaliana juu ya jambo moja: mnyama hana wa kumsemea, na anayemfunga nyumbani bila kumlisha ana hesabu ya kutoa. Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga hivyo imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim.

Hoja ya kumwacha paka kama alivyoumbwa ina uzito wake, ila haimalizi jambo. Paka anayelishwa nyumbani hazai kama wa porini, kwani shibe ya mama huwavusha watoto ambao njaa ingewapunguza. Mwenye nyumba ameshaingilia kati tangu siku aliyoweka kibakuli cha maziwa mlangoni. Watoto wakizidi, wengi hutiwa kwenye boksi na kuachwa sokoni au jalalani, na mzigo huwaangukia wauza samaki, majirani na watoto hao wenyewe. Kutoamua nako ni kuamua, ila gharama yake hulipwa na asiyeulizwa.

Hivyo njia za haki ni chache. Anayetaka uzao atafute kwanza nyumba za kuwapokea watoto. Anayeweza kumzuia jike ndani kila anapoingia kwenye joto, amzuie, ingawa nyumba ambayo mlango hushinda wazi haisaidii. Asiyeweza haya mawili amhasi paka akiwa mzima wa afya, ikiwezekana kabla ya joto la kwanza, baada ya kumuuliza daktari kuhusu dawa ya maumivu na saa za kumnyima chakula. Dume aliyehasiwa atengwe na majike kwa wiki kadhaa, kwa sababu mbegu zilizobaki mwilini bado zinaweza kutungisha mimba.