Mkituita Ng'ambo, Tuambieni Ukweli Kwanza

Wanangu mlioko ng'ambo, naijua hamu yenu. Mmekaa miaka, karatasi zimetengemaa, nyumba mliyopanga ina chumba cha pili, na sasa mnataka mama au baba aje akae nanyi miezi kadhaa. Ni jambo la heri, na wengi wetu tunaliombea. Lakini kabla ya kukata tiketi, mwelezeni mzazi maisha yenu yalivyo kweli, maana huku tunayajua kwa picha za simu tu.

Mimi nilikwenda Leicester, Uingereza, kwa binti yangu, nikakaa majira yote ya baridi. Anahudumia wazee kwenye makao yao, zamu za usiku. Kabla sijaondoka Tanga aliniambia, "Mama, nikirudi asubuhi nitalala mpaka alasiri. Usije ukadhani nimenuna." Neno hilo lilinikalisha kwa amani. Mwenzangu wa mtaani aliitwa na mwanawe Marekani, na kijana hakumwambia kwamba ana kazi mbili. Mama wa watu akawa anamwona mwanawe anaingia usiku wa manane, anakula wima, analala, na alfajiri hayupo. Mkwe naye mbio hizohizo. Akajisemea moyoni kwamba hatakiwi, akaomba arudishwe kabla ya muda. Mpaka leo mkwe akitajwa hubadili mazungumzo, na yule binti wa watu hajui alikosa nini.

Kama mna nafasi ya kuchagua, tuiteni Mei au Juni. Desemba kule Leicester jua huzama hata saa kumi jioni haijafika, wakati Tanga watu ndiyo kwanza wanatoka kuswali alasiri. Saa mbili asubuhi bado kuna kiza. Baridi nilivalia koti, nikaizoea. Kilichonielemea ni kukaa kutwa nzima bila kusikia hodi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulitumia neno hili kumsukuma mgeni mvivu, lakini mzazi jembe analitaka mwenyewe. Binti yangu alinipa ufunguo wangu, akanishika mkono kwenye basi mpaka Belgrave Road, akarudia na kurudia hadi nikaweza kwenda peke yangu. Barabara ile imejaa maduka ya Wahindi, na miongoni mwao wamo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya mji ilitangaza hadi kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Walikuja, na leo wao ndio uhai wa mtaa ule. Siku moja nilikuwa nahesabu sarafu kwa sauti, kwa Kiswahili, na mzee mwenye duka akainua uso: "Karibu, mama. Mihogo imeingia leo." Nilikaribia kulia. Tangu siku hiyo nikawa na mahali pa kwenda. Nanunua mihogo na nazi, tunaulizana hali, narudi kupika, na mjukuu akitoka shule anakuta nyumba inanukia. Mtoto ananielewa vizuri ila hunijibu kwa Kiingereza. Nilimwomba mama yake asitutafsirie. Mwachieni mzazi nafasi hiyo na wajukuu, watafutane wenyewe.

Lakini jembe lisigeuke utumwa. Nimewaona bibi waliopelekwa ng'ambo kwa jina la kutembea, kumbe wameitwa kulea mapacha kutwa kucha, wala hawajaonyeshwa hata bustani. Sheria yenyewe haikubali. Viza ya matembezi ya Uingereza inamruhusu bibi kukaa na wajukuu zake kwa muda, lakini hairuhusu afanywe yaya. Na sheria au si sheria, kama mnahitaji msaada wa malezi, semeni mapema. Mzazi aliyeombwa atalea kwa moyo; aliyehadaiwa ataumia kimyakimya.

Siku pia mzihesabu kwa haki. Uingereza mgeni kwa kawaida hupewa miezi 6 kwa kila safari, hata kama viza yenyewe ni ya miaka. Marekani, ofisa wa mpakani ndiye anayeandika tarehe ya kuondoka, na hiyo ndiyo ya kufuata, wala si ile iliyo kwenye viza. Ukipitiliza, viza inabatilika. Kanada wana viza yao ya wazazi na mababu, ambayo tangu 2022 inamruhusu mzee kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja, ila lazima awe na bima ya matibabu. Msimbembeleze mzazi "kaa kidogo tu, mama" pasipo kibali. Mtamfungia mlango wa kurudi.

Kuhusu afya, msione haya kumuuliza. Bima ielezwe kila kitu, presha, sukari, hata operesheni ya zamani, kwa sababu ugonjwa uliofichwa haulipiwi. Pale Uingereza, mgeni aliyelazwa hospitali ya serikali hutozwa asilimia 150 ya gharama. Dawa zake azibebe kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, ndani ya mkoba wa mkononi. Na mkikata tiketi, ombeni kiti cha magurudumu kwenye viwanja vya ndege. Hakilipiwi, na mwenye kukisukuma anaijua njia hadi mlango wa ndege. Mzee hatakiomba mwenyewe. Ataona aibu, apotee kati ya ndege na ndege.

Limebaki zito. Kaka yangu mkubwa alifariki nikiwa kule. Watoto wakakaa kikao kwa simu, wakaamua nisiambiwe mpaka nirudi, eti nisije nikapandwa na presha. Nilipata habari kwa jirani aliyenipigia kunipa pole, akidhani najua. Wakati huo alikwisha kuzikwa, na hitima ilikwisha kusomwa. Mazishi nisingeyawahi, hilo nalikubali, kwetu maiti hailazwi. Lakini ningekaa kitako nikamsomea Yasini siku ileile. Ningempigia wifi yangu tukalia pamoja. Binti yangu, aliyekuwa mkweli juu ya zamu zake, hapo alininyima haki yangu, na nilimwambia hivyo.

Wanangu, mzazi amezika wengi kuliko nyinyi. Kabla hajapanda ndege muulizeni: "Mama, likitokea la kutokea nyumbani, nikwambie saa ileile? Ukitaka kurudi, nikurudishe?" Kateni tiketi inayobadilika tarehe, hata ikizidi bei. Kisha mfanye atakavyosema yeye.