Usiikate Bismillahi



Ukilisikia jina la Mwenyezi Mungu mahali usipolitarajia, tuseme katikati ya vishindo vya magitaa na ngoma za Kizungu, utafanya nini? Utakasirika? Utaziba masikio? Au utauliza kwanza limefikaje huko na linafanya kazi gani? Mimi jambo hili lilinifika, nami nililijibu kwa mkono kabla ya kulijibu kwa akili. Leo nataka tulitazame pamoja, maana naona makosa yangu ya siku ile hayakuwa yangu peke yangu. Yamo katika nyumba zetu nyingi.

Mwaka 1988 nilikuwa nikiishi Makoko. Ndugu zetu wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja huenda hawapajui. Makoko ni sehemu ya mji wa Musoma, kandokando ya Ziwa Victoria, mbali sana na bahari yetu. Hapo pana seminari ya Wakatoliki, na pana chuo ambamo wamisionari wa kigeni hujifunza Kiswahili. Mimi mtu wa Pangani nilifika huko kwa riziki ya cherehani, na pamoja nami alikuwapo mpwa wangu, yatima wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka kumi na mitano. Mke wangu alikuwa akikaanga maandazi, na kijana akiyatembeza. Katika kutembeza huko alizoeana na mgeni mmoja wa Kizungu aliyekuwa akijifunza lugha yetu, wakawa wakizungumza kila siku.

Siku moja baada ya Alasiri kijana alikuja mbio, sinia tupu mkono mmoja, kaseti mkono wa pili. Akaitia katika redio yangu bila hata kuketi. "Mjomba, sikiliza! Sikiliza hapa wanavyosema!" Nikasikia makelele, nikasikia sauti nyingi zikipanda na kushuka kama watu wanaogombana, na katikati yake, wazi kabisa, nikasikia: Bismillah.

Damu ilinipanda. Sikumwuliza neno. Nilitamka Bismillahi mimi nami, kama atamkavyo mtu anayeanza kazi njema, nikamzaba kofi. Kisha nikaichomoa kaseti ile nikaiponda kwa pasi ya mkaa. Utepe wake nikautupa nje, ukanaswa kwenye mpapai. Kijana hakulia. Alinitazama tu, akatoka.

Magharibi ilipita, Isha ikapita, hakurudi. Usiku ule haukuwa na mwezi, na katika usiku wa giza wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao za karabai. Nilisimama ufukweni nikiziona taa zile kwa makumi, zimetapakaa juu ya maji kama mji. Nikaambiwa kijana mmoja mfano wa wangu ameonekana akipanda mtumbwi. Mtumbwi gani? Hapana aliyejua. Ndugu msomaji, ziwa lile lina dhoruba zake, na wanaolijua hawalifanyii mzaha. Nilikesha nikiitaja Bismillahi nyingine, tofauti kabisa na ile ya Alasiri.

Alfajiri alirudi, ananuka dagaa, macho mekundu. "Shikamoo, mjomba." Nikamwitikia marahaba. Basi. Nilikuwa na maneno mengi kifuani na sikutoa hata moja, kwani mkubwa kumwomba radhi mdogo nilikuona ni kujivunjia heshima. Tukaishi hivyo mpaka alipokuwa mtu mzima na kurudi pwani.

Wimbo wenyewe

Miaka ikapita, nami nikaja kujua kile nilichokiponda. Kaseti ile ilikuwa nakala ya sahani ya santuri iitwayo A Night at the Opera, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Novemba 1975 na kundi la Queen, yaani Malkia. Walikuwa vijana wanne: Freddie Mercury, Brian May, Roger Taylor na John Deacon. Ndani yake mna nyimbo 12, na mmoja wao, Bohemian Rhapsody, ulikaa mbele ya nyimbo zote Uingereza kwa wiki tisa. Ni wimbo wa karibu dakika sita. Zile sauti nilizodhani ni za umati wa watu zilikuwa za watu watatu tu, walioimba na kurudia, wakizipandisha sauti juu ya sauti katika utepe kwa muda wa wiki kadhaa.

Na aliyeutunga wimbo huo ni nani? Ni mtoto wa Unguja! Alizaliwa hapo tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Maparsi, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Akiwa mdogo alipelekwa kusoma India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yote ikahamia Uingereza. Hakuwa Muislamu. Lakini mtoto wa Unguja, wa dini yoyote iwayo, atakuaje bila kuisikia Bismillahi? Huisikia dukani, huisikia kwa fundi anayeinua nyundo, huisikia kwa jirani anayemkaribisha chakula. Neno lile hakuliokota njiani. Hapana shaka lilikuwa limekwisha pita masikioni mwake tangu utotoni, kwetu.

Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 45. Hesabu ya maisha yake ina Mwenyewe wa kuihesabu. Mwaka 2006 ilipopangwa sherehe huko Unguja ya kukumbuka miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, Jumuiya ya Uamsho ilipinga, na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake pale Mji Mkongwe. Wako wanaojivunia na wako wanaokasirika. Wala suala la ala za muziki sitalifungua hapa, maana wanazuoni wamelijadili kwa mapana. Ninachokitafuta ni hilo neno moja.

Wimbo wenyewe unamhusu kijana anayemwungamia mama yake kwamba ameua mtu. Kisha sauti zinabishana juu yake. Upande mmoja unataka aachiwe. Upande wa pili unataja Bismillah na kukataa kumwachia. Mtunzi hakupenda kuufafanua wimbo wake, kwa hiyo watu wameufafanua wenyewe. Mwaka 2004 huko Iran kaseti ya nyimbo za kundi hili iliruhusiwa kuuzwa, ikiwa na karatasi ya maelezo kwa Kiajemi. Maelezo yale yalisema kwamba kijana yule, usiku wa kabla ya kunyongwa, anamwita Mungu kwa Bismillah, na kwa neno hilo anaiokoa roho yake kutoka kwa Shetani. Tazama! Neno moja, na watu wamelielewa kwa namna mbili. Kwa wengine ni kilio cha mkosaji anayeomba kuokolewa. Kwa anayesikiliza jinsi sauti zinavyofuatana, ni neno la wale wanaomkamata mkosaji na kusema hawamwachii.

Swali la mpwa wangu

Miaka michache iliyopita nilikwenda Tanga kumtembelea mpwa wangu. Sasa ni baba wa watoto wanne. Jioni, mwanawe mmoja alikuwa akisikiliza wimbo ule katika simu yake. Nilinyamaza, kisha nikasema mbele ya wote: "Mwanangu, siku ile Makoko nilikudhulumu. Nisamehe."

Akacheka kidogo. "Mjomba, hayo nimekwisha yasahau." Kisha akaendelea polepole: "Lakini siku ile nilikuwa na swali. Yule mgeni aliniuliza maana ya Bismillah. Nikamweleza yote, mpaka Rahmani Rahim. Akaniuliza, mbona katika wimbo huo ulioizungumzia rehema haumo? Mbona wamekatia njiani? Sikujua la kumjibu. Ndiyo maana nilikuja mbio kwako."

Ndugu msomaji, alikuja kwangu kama mwanafunzi anavyokwenda kwa mwalimu wake. Alikuwa amemfundisha mtu wa dini nyingine majina mawili ya rehema ya Mola wake, akakwama mahali, akakimbilia kwa mkubwa wake. Nami nilimpa kofi. Swali lile lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jibu. Acha nijaribu kulijibu sasa.

Katika sura 114 za Qur'ani, ni moja tu isiyofunguliwa kwa Bismillahi, nayo ni Suratut-Tawba. Miongoni mwa sababu walizozieleza wanazuoni ni kwamba sura hiyo inaanza kwa tangazo la kujitenga na waliovunja ahadi, na Bismillahi ni amani na rehema. Tazama pia mchinjaji. Akiweka kisu husema Bismillahi, Allahu Akbar, akaishia hapo. Haongezi Rahmani Rahim, na wapo wanazuoni walioeleza kuwa saa ya kumwaga damu si mahali pa kuyataja majina hayo mawili. Basi iko Bismillahi inayokatwa, na mahali pake panajulikana: ni penye kisu.

Sasa nauliza: mimi siku ile nilimwendea yatima wa dada yangu kwa Bismillahi ipi? Nilimwendea kwa ile ya machinjoni.

Linganisha na Nabii Sulaiman (a.s.). Alipomwandikia Malkia wa Saba, barua yake ilikuwa na onyo kali. Watu wale walikuwa wakilisujudia jua. Lau angetaka kuandika neno moja la kwanza tu na kuacha mengine, nani angemlaumu? Lakini katika Suratun-Naml tunaikuta Bismillahi ya barua ile ni kamili, ina Rahmani na ina Rahim, tena imepelekwa kwa watu ambao bado hawajamjua Mwenyezi Mungu. Naye Malkia hakuichana. Aliiita barua tukufu, akataka shauri, na mwisho wake akasilimu. Onyo lilifika kwa kuwa rehema ilitangulia.

Huenda utasema: "Je, tuwaache vijana wetu wasikilize kila upuuzi, na jina la Mungu lichezewe?" Hapana, sikusema hivyo. Mzazi asiyekemea atakuja kuulizwa. Lakini Suratul-Hujurat imetuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mimi nilikuwa na mleta habari mbele yangu, mwenye sinia mkononi, na sikumpa hata nafasi ya kumaliza sentensi. Nilidhani nalilinda jina la Mwenyezi Mungu. Jina lile halikuwa na hatari yoyote. Aliyekuwa hatarini ni mtoto, usiku, katika mtumbwi, juu ya maji asiyoyazoea, na aliyempeleka huko ni mimi.

Hili ndilo linalonitisha katika wimbo ule kuliko magitaa yake. Ndani yake wamo watu wanaotaja Bismillah na papo hapo wanakataa kumwachia mkosaji. Msikilizaji wa Kizungu hudhani huo ni mchezo wa kuigiza. Mimi nauona ni kioo. Mara ngapi baba huikata Bismillahi hivyo kwa binti aliyekosea? Mara ngapi ndugu huikata katika mirathi, mke na mume katika ugomvi, mwalimu wa chuo anaponyanyua bakora? Neno la kwanza tunalitamka kwa nguvu, na yale mawili ya mwisho tunayameza. Na tunapoyameza, aliye mbele yetu huona kwamba huyo ndiye Mungu tunayemtaja, Mungu asiyeachia. Akikimbia, tunasema kizazi hiki hakina dini.

Basi, ndugu yangu, dada yangu, leo nyumbani kwako ukimwona mtoto amekuja na jambo usilolipenda, iwe wimbo, iwe picha, iwe habari, kabla hujanyanyua mkono itamke Bismillahi yote. Ifikishe mpaka mwisho: Rahmani, Rahim. Haichukui muda. Ukifika mwisho, mkono utakuwa umekwisha shuka kidogo, na ulimi utapata nafasi ya kuuliza: "Mwanangu, hiki nini? Nieleze." Baada ya hapo kemea, kama pana la kukemea.

Lau ningefanya hivyo siku ile Makoko, ningelisikia swali zuri kuliko yote niliyopata kuulizwa na mtoto. Badala yake nililisikia nikiwa mzee. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba ziwa lilimrudisha mwenye swali.

Wabillahi tawfiq.