Paka mgonjwa asiye na mwenyewe ana haki gani kwetu?

WAPO Waislamu watakaoona kuwa kumzungumzia paka katika ukurasa huu ni kupoteza wino. Watasema: wagonjwa hawana dawa, mayatima hawana ada, wewe unatuletea habari za paka! Hoja hii si ya kupuuzwa. Niliisikia hapa Laela kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana, na inastahiki jibu.

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati ambapo baridi ya Ufipa huwa kali. Wanafunzi wangu wa madrasa walimkuta paka wa mtaani amejikunyata nyuma ya ghala la mahindi. Alikuwa akipiga chafya, macho yamegandana kwa tongo, pua imeziba, anahema kwa mdomo. Mmoja alishauri atiwe kwenye kiroba akatupwe mbali. Mwingine alitaka amchukue kwao. Wa tatu akauliza: "Ustadhi, huyu si wa mtu. Tukimwacha tunapata dhambi?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Wengi tunaijua hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Lakini tuitazame vizuri. Mwanamke yule alimfungia paka, hakumlisha wala kumnywesha, na wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Paka aliye huru na mzima anajitafutia mwenyewe. Haki yake kwetu ni kutomdhuru. Kwa hiyo kumtia kwenye kiroba ni dhulma, na hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo.

Je, asiyeweza tena kujitafutia? Hapa tunakumbuka hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa aliyekuwa na kiu, Allah (s.w.) akamsamehe. Mbwa yule hakuwa wake. Masahaba walipouliza kama kuna ujira kwa ajili ya wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwathibitishia kuwa upo katika kila chenye uhai.

Basi nikawajibu wanafunzi: kumhudumia ni sadaka, lakini ukishamchukua na kufunga mlango, sadaka imegeuka dhima. Tangu hapo hawezi kula ila kwa mkono wako. Umesimama pale pale aliposimama yule mwanamke, na tofauti yenu ni vile utakavyomtunza.

Na matunzo yanahitaji elimu. Mtu mwema anaweza kumhurumia paka mwenye mafua akampa parasetamoli, kama anavyompa mwanawe. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo. Nia ilikuwa njema, lakini aliyekufa amekufa.

Mafua haya mara nyingi husababishwa na virusi vya paka wenyewe, na kwa kawaida hayamwambukizi binadamu. Wanafunzi walimwekea boksi lenye matambara mahali pakavu, mbali na moshi wa mkaa na mbali na paka wengine. Walimfuta macho na pua kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, kisha wakanawa mikono kwa sabuni. Walimpa dagaa wa kuchemsha wasio na chumvi, wakiwa bado na joto, kwani paka asiyesikia harufu hali. Dawa tulimwachia bwana mifugo aamue. Niliwaonya pia kuwa paka akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi na mtu aende hospitali haraka, kwa kuhofia kichaa cha mbwa. Ama kuhusu tohara, kamasi na mate ya paka si najisi katika madhehebu ya Imamu Shafi. Siku ya tano alianza kula, ingawa virusi vingine hubaki mwilini na huenda mafua yakarudi.

Sasa turudi kwa mzee wangu. Kama shilingi ingekuwa moja, na mtoto anahitaji dawa, mtoto angetangulia, hapana mjadala. Lakini tuwe wakweli: ni mara ngapi tulimnyima paka ili tumpe yatima? Wengi wetu tumewanyima wote wawili. Maji ya uvuguvugu na dagaa wachache havikumpunguzia mgonjwa yeyote wa Laela chochote. Huruma si gunia la mahindi, kwamba ukimpimia mmoja mwingine anapungukiwa. Kijana aliyezoea kufuta tongo za kiumbe kisichoweza kusema ahsante, huyo ndiye ninayemtarajia kesho kando ya kitanda cha bibi yake.

Tena, huyu tunayemwita si wa mtu ndiye anayetuwindia panya katika maghala yetu. Manufaa yake tunayapokea sote. Akiugua ndipo tunapomkana. Hata hivyo mwenyewe yupo: ni Yule aliyemuumba, naye atatuuliza tulichokiona na tulichokifanya.

Allah (s.w.) atujaalie huruma yenye elimu, na elimu yenye huruma. Amin.