Kichocho cha Msambweni na Suala la Uhalisia

Huko Msambweni, ambako tangu miaka ya 1980 matabibu wa Kenya na wenzao wa Marekani wamekuwa wakikichunguza kichocho cha watoto waogao mabwawani, lipo suala la kale la falsafa lisilopata kuzeeka: je, vitu visivyoonekana kwa jicho ambavyo sayansi hutuhadithia vipo kweli, au ni dhana tu, ambazo mwanazuoni huzishika maadamu zamfaa katika hesabu zake?

Wenye kuushikilia uhalisia, yaani kwamba vitu hivyo vipo kweli, miongoni mwao Hilary Putnam, hudai kwamba lau dhana hizo zingekuwa mbali na ukweli, kufaulu kwa sayansi kungekuwa muujiza. Hoja hiyo ni njema, lakini peke yake haitoshi. Kwani wahenga wengi waliamini kuwa homa ya malaria yatokana na hewa mbovu ya vinamasi, wakavikausha, na homa ikapungua, ilhali sababu waliyoitaja ilikuwa batili, kama ilivyobainika mwaka 1897 Ronald Ross alipomwona kimelea wa homa hiyo tumboni mwa mbu. Kumbe kufaulu kwaweza kuzaliwa na kosa.

Mimi naiona nguvu ya uhalisia katika njia zisizotegemeana zikutanapo kwenye kitu kimoja. Theodor Bilharz alimkuta mnyoo wa kichocho mwaka 1851, katika mishipa ya damu ya maiti mjini Cairo. Robert Leiper akathibitisha mwaka 1915, huko huko Misri, kwamba hana budi kupitia kwa konokono wa maji baridi kabla ya kuipenya ngozi ya mwanadamu. Na dawa ya prazikwanteli, iliyopatikana Ujerumani katika miaka ya 1970, humwua mnyoo aliyekomaa, lakini aliye mchanga aghalabu husalimika. Dhana tupu haina ukaidi wa namna hii.

Wala kukiri kuwapo kwa mnyoo, kama muumini awezavyo kuhofu, si kuupunguza uwezo wa Mola: Imamu Ghazali, aliyekana kwamba moto huunguza pamba kwa nguvu zake wenyewe, hakukana kuwapo kwa moto wala pamba.

Mzazi wa Msambweni ambaye mwanawe, baada ya kutibiwa, anakojoa damu tena, haulizi habari za dhana zenye manufaa. Auliza ni nini kilichomo katika maji yale, na ana haki ya kujibiwa hilo hasa.