Kilugha

Sokoni Ifakara, mama muuza kambale anataja bei kwa Kiswahili. Akitokea shangazi yake, papo hapo anabadili: Kindamba kinamtiririka, vicheko juu, na fungu linaongezwa samaki mmoja. Wa meza ya pili anasema, "Hao wanaongea kilugha."

Lugha tumeitoa kwenye Kiarabu. Ki- ni yetu, ya Kibantu, ileile ya Kipogoro, Kimbunga na Kiswahili chenyewe: namna watu fulani wasemavyo. Lakini ipo pia ki- ya kijitu na kijumba, ya kudunisha, na nadhani wengi tukisema kilugha tunaisikia hiyo. Mtoto anaona haya kumjibu bibi yake mbele ya wenzake. Inaniuma sana. Hata neno la Waingereza la lugha za nyumbani, vernacular, lina asili ya Kilatini, verna, mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake. Dharau hii ni ya kale.

Wandamba wameishi na Mto Kilombero, mitumbwi na mafuriko yake, vizazi na vizazi. Jioni muulize babu samaki wa mto huu anawaitaje kwa Kindamba, mmoja mmoja, na uyaandike majina hayo.