Fuata Ramani

Mzazi wa Buhongwa, hapa Mwanza, akiona mtoto wake anachora nyumba vizuri kwenye kurasa za nyuma za daftari, wazo linalomjia ni moja: huyu akasome mambo ya ramani. Majirani wataafiki. Mjomba aliyeko Dar es Salaam atasema kazi hiyo ina fedha, na mwalimu wa hisabati ataongeza kwamba mtoto wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, hapotei. Hakuna atakayeuliza kama mtoto huyo amewahi kushika futi ya kupimia au kusimama saiti siku ya kumwaga zege. Nasimulia hapa kisa cha kijana aliyeingia kwenye ubunifu majengo kwa mlango huo. Jina lake nalihifadhi, na baadhi ya mambo nimeyaunganisha kutoka kwa wenzake waliopita njia ileile, kwa sababu kisa hiki si cha mtu mmoja.

Mama yake alikuwa akichukua dagaa Mwaloni, kule Kirumba, na kuwauza kwa rejareja. Nyumbani kwao palikuwa karibu na barabara ya Shinyanga, na kijana alikua akiona Buhongwa inageuka mji mbele ya macho yake: penye shamba la mihogo panachimbwa msingi, penye mawe makubwa yanapasuliwa kokoto. Alikuwa na mkono mzuri kweli. Alipofaulu kidato cha sita akapata nafasi ya kusoma Dar es Salaam, na watu walimchangia nauli.

Kitu cha kwanza ambacho familia haikukijua ni urefu wa masomo. Shahada hiyo ilikuwa ya miaka mitano. Wenzake waliochukua kozi za miaka mitatu walimaliza yeye akiwa bado na miwili mbele. Bodi ya Mikopo ilimsaidia, lakini mkopo haukutosha kununua kompyuta yenye nguvu ya kuendesha programu ya kuchorea ya ArchiCAD, wala kulipia uchapishaji wa michoro ya karatasi za A1, wala mbao laini na gundi za kutengenezea modeli ambazo jopo la walimu lingezitazama kwa robo saa tu. Pengo lilizibwa na dagaa, na dagaa walipopungua likazibwa na mikopo ya vikoba. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema kwa sababu mama aliyejiandaa kwa miaka mitatu na kushtukizwa na mitano hulala na madeni ambayo angeweza kuyapanga tangu mwanzo, kama tu angeuliza.

Studio aliipenda. Alikesha bila kulalamika, na picha zake za 3D zilikuwa zinasimamisha darasa: kioo kinang'aa, bwawa la kuogelea lina mawimbi, gari limeegeshwa chini ya mti usioota Mwanza. Masomo ya udongo, ya mihimili na ya gharama aliyafanya kwa lengo la kufaulu tu. Likizo zilipofika, na kila mwanafunzi akitakiwa kwenda fildi kujifunza kazi kwa vitendo, alimpata mkandarasi mmoja wa kufahamiana naye akamsainia na kumgongea muhuri kitabu cha kumbukumbu bila yeye kukanyaga saiti. Wiki zile alizitumia nyumbani, akijifunza kufanya picha zing'ae zaidi. Kwangu mimi, kisa kiliharibikia hapo, ingawa ilichukua miaka kadhaa kujulikana.

Akamaliza, akavaa joho, akarudi Buhongwa. Mtaa mzima ukaanza kumwita Injinia, jina ambalo kwetu hupewa kila msomi anayeonekana na karatasi kubwa iliyokunjwa. Yeye hakuwa injinia, na kisheria hakuwa bado mbunifu majengo. Alikuwa mhitimu. Sheria Na. 4 ya 2010 iko wazi: huwezi kujiita mbunifu majengo wala kuifanya kazi hiyo kwa jina lako mpaka usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kabla ya hapo unatakiwa ufanye kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, kisha upimwe na Bodi yenyewe. Wapo vijana wanaouona utaratibu huu kama ukuta waliojengewa na wazee ili wasile. Ningependa kila mwenye mawazo hayo aikumbuke Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na watu 36 wakafa. Saini iliyo chini ya mchoro inabeba watu. Ndiyo maana haigawiwi siku ya mahafali.

Kulikuwa na ofisi moja mjini iliyokuwa tayari kumpokea kama mwanafunzi wa kazi. Posho yake ilikuwa nauli na chakula, na pengine zaidi kidogo mwezi mzuri ukija. Alikataa. Miaka mitano ya kukesha halafu nauli? Namwelewa. Deni la chuo lilikuwa linamsubiri, na mama alikuwa amechoka. Akafungua ukurasa kwenye simu, akapanga picha zake, akaandika kwamba anauza ramani kwa bei ambayo hakuna ofisi iliyosajiliwa ingeweza kuifikia. Wateja wakaja.

Mmoja wao alikuwa muuguzi mstaafu. Alikuwa amepokea kiinua mgongo, na kiwanja chake kilikuwa upande unaoteremka kuelekea bondeni. Alichagua picha ya nyumba ambayo kijana alikuwa ameichora zamani kwa ajili ya kiwanja cha Goba, Dar es Salaam. Kijana aliigeuza mlango utazame barabara, akabadili jina la mteja, akaituma. Hakukuwa na michoro ya mhandisi, unene wa nondo alikuwa ameukadiria mwenyewe. Kibali cha ujenzi hakikuombwa, kwa matumaini yaleyale ya wengi kwamba urasimishaji wa makazi ukija mambo yatanyooka.

Sasa, ardhi ya kwetu ina tabia yake, na Wasukuma waliijua kabla ya maabara. Juu, karibu na mawe, kuna mchanga wa luseni. Ukiteremka unakutana na itogolo, lenye tabaka gumu chini. Bondeni kabisa ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaonasa gurudumu la baiskeli wakati wa mvua. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani huko Tanga, alieleza kisayansi jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilele hadi bonde, na majina ya Kisukuma yakaingia katika maandishi ya watafiti waliofanya kazi Ukiriguru, si mbali na Buhongwa. Mbuga ikinywa maji huvimba. Kiangazi husinyaa na kupasuka. Msingi mwepesi ukikaa juu yake huinuliwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili, mwaka hadi mwaka, mpaka ukuta uchoke.

Fundi mwashi aliyepewa kazi alikuwa mzee aliyejenga nusu ya mtaa ule. Siku ya pili ya kuchimba alimpigia kijana simu.

"Injinia, hapa tumeingia kwenye mbuga. Tukiishia futi tatu kama ulivyoandika, nyumba ya huyu mama itatusuta."

"Shikamoo mzee. Hesabu zote ziko humo, mzee wangu. Wewe fuata ramani."

"Marahaba. Basi njoo uone mwenyewe."

Hakwenda. Alikuwa Mkolani, mwendo mfupi tu wa bodaboda. Nimelifikiria sana jambo hili, na siamini kwamba ulikuwa uvivu. Naamini aliogopa. Angefika pale, fundi angemuonyesha shimo na kumuuliza tufanyeje, na yeye hakuwa na jibu, kwa sababu zile wiki za fildi ambazo angejifunza jibu alikuwa chumbani akipaka rangi anga la bandia. Mzee alifuata ramani. Ndicho alicholipwa kufanya.

Masika ya kwanza baada ya nyumba kukamilika, maji yaliingia kupitia dari. Paa lilikuwa la kujificha nyuma ya ukuta, mtindo unaopendwa sana siku hizi, na mfereji wake ulikuwa mwembamba, ukaziba kwa majani na kumwagikia ndani. Sebule ilikuwa na kioo kikubwa kilichotazama magharibi. Mwanza iko chini ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta, jua letu huzama upande wa magharibi mwaka mzima, kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri sebule haikukalika, na mama wa watu akaning'iniza blanketi dirishani. Kiangazi kilichofuata ukaja ufa, kutoka kona ya dirisha hadi kwenye lenta, unaoweza kupitisha sarafu ya shilingi 200.

Muuguzi hakwenda polisi. Alikwenda kwa mama wa kijana, maana walikuwa wakisali kanisa moja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwanawe akamuuliza mbele ya mgeni: "Baba, kule ulikokaa miaka mitano ulisomea nini?"

Shauri liliishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Alitafutwa mhandisi aliyesajiliwa, akasema nyumba inaweza kuokolewa: kona moja iongezewe msingi kutoka chini, mitaro ichimbwe kupeleka maji mbali na kuta, na paa lile livuliwe lipigwe la kawaida lenye kutokeza nje. Gharama ya kutibu ilipita mbali kile ambacho ofisi yoyote ingemtoza kwa kuchora na kusimamia vizuri tangu mwanzo. Kijana alikubali kuchangia kidogo kidogo, na mpaka leo anachangia. Sehemu kubwa imetoka kwenye akiba ya mwanamke aliyehudumia wagonjwa maisha yake yote. Hilo linaniuma kuliko lolote katika kisa hiki, na sioni namna ya kulipunguza makali.

Je, watoto wetu wasisome ubunifu majengo? Wasome, na wengi zaidi ya walioko sasa. Mji unaopanda vilima vya mawe na kushuka kwenye mabonde ya mfinyanzi unawahitaji kuliko mji wa tambarare. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dar es Salaam kufunga mzigo wanalijua Soko la Kariakoo, lililokamilika miaka ya 1970 na kuunguzwa na moto Julai 2021. Alilibuni Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufungua ofisi zao wenyewe za ubunifu majengo. Paa lake la zege, lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, liliwapa watu kivuli, likaacha hewa ipite na kukusanya maji ya mvua. Huyo alikuwa amejiuliza mvua inakwenda wapi kabla ya kujiuliza jengo litaonekanaje. Vijana hupenda pia kunitajia Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, mwaka 2022. Wanasahau kwamba alianza kama fundi seremala, na kwamba shule ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001, aliijenga akiwa bado mwanafunzi, pamoja na wanakijiji, kwa matofali ya udongo wa palepale.

Kwa hiyo mtoto akisema anataka kusomea kazi hii, mimi silitazami daftari lake la michoro. Namuuliza kwa nini chumba anacholala kina joto. Namuuliza maji ya paa lao huishia kwa nani. Asiyewahi kushangaa mambo hayo anaweza kuwa mchoraji hodari, na uchoraji ni kazi ya heshima inayojitegemea, au akatengenezea ofisi za wengine picha na kuishi vizuri. Anayeyashangaa, hata kama mstari wake haujanyooka, huyo nitamchangia nauli.

Kijana wetu alirudi kwenye ile ofisi ya mjini akaomba nafasi aliyoikataa. Walimpokea. Sasa yuko saiti siku nyingi kuliko mezani, na jina la Injinia hulikataa kwa upole kila anapoitwa. Mdogo wake wa kike alipomaliza mitihani ya kidato cha sita mwezi Mei, kaka hakumruhusu ajaze fomu yoyote mpaka kwanza aende naye Buswelu, kwenye jengo walilokuwa wakilisimamia. Binti alibeba futi, akahesabu mifuko ya saruji, akamfuata mkadiriaji majenzi kila alipokwenda, akiuliza kwa nini nondo zimenunuliwa mara mbili. Matokeo yalipotoka Julai, aliweka ukadiriaji majenzi chaguo la kwanza na ubunifu majengo la pili.

"Hiyo ya kwanza ndiyo nini?" mama akamuuliza.

"Mama, wewe kabla hujapakia gunia la dagaa unajua limekugharimu kiasi gani. Mimi nataka mtu ajue hivyo kuhusu nyumba yake kabla hajachimba msingi."

Mama akauliza ni miaka mingapi. Akaambiwa minne. Akauliza tena, na hili kwa kaka mtu hakuwahi kuliuliza: fildi inafanyika wapi, na nani atakuwa anamsimamia huko?